Ukuta wa Kukalia Pale Mferejini

Nicodemus Wasike alitoka Kimilili, kwa Waluhya, mwaka wa arobaini na nane, akaja Nakuru na nyundo yake na patasi mbili, akaajiriwa kujenga nyumba za wafanyakazi kule lokesheni, mtaa wa Waafrika. Nyumba zenyewe zilipangwa safu baada ya safu, mlango wa mmoja ukitazama mgongo wa mwenzake. Hapakuwa na mahali pa mtu kusimama akamjulia jirani hali. Palikuwa na mfereji mmoja wa maji, na hapo wanawake walipiga foleni kwenye matope, vumbi la ziwani likiwachapa usoni, wakitukanana kwa uchovu tu.

Wasike aliwatazama miezi mingi. Akaona kwamba mtu, akiachiwa achague, hutafuta kivuli, pa kuegemeza mgongo, na pa kumwona anayekuja. Basi siku moja akamwendea Mzungu msimamizi wa lokesheni, kofia mkononi.

"Bwana, naomba yale mawe yaliyobaki. Nijenge ukuta mfupi pale mferejini, watu wapate kukaa."

"Wakikaa watasema maneno."

"Hata wakisimama wanasema, Bwana."

Mzungu akacheka. Akamruhusu, mradi afanye kazi hiyo Jumamosi, saa zake mwenyewe.

Akajenga ukuta wa nusu mwezi, kimo cha goti, ukiuzunguka mfereji. Nyuma yake akaziba vichochoro vya katikati ya nyumba kwa mawe mpaka juu, vumbi lisipenye. Juu akaweka mabati makuukuu. Mbele akaacha njia moja pana.

Haukupita mwezi, pakachangamka. Wangare, mjane aliyetoka upande wa Bahati, akaleta sufuria yake ya uji. Kipketer kinyozi akatundika kioo. Wazee wakacheza bao, wasichana wakasukana, na Jumapili watu wakitoka kanisani walikuja na nyimbo zao midomoni. Wasike alipenda kukaa pembeni, kikombe mkononi, akiangalia tu.

"Fundi, leo hulipi," Wangare humwambia. "Wewe ndiye umetupa uwanja."

Moyo wake ukajaa. Alikuwa hajawahi kujenga kitu kilichompa raha kama kile.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwaka wa hamsini na nne, Serikali ikiwasaka Mau Mau, malori manne yakasimama kwenye ile njia pana. Askari wakaruka chini na bunduki. Watu waliokimbilia vichochoroni walikutana na mawe; wakarudi, wakakanyagana, mama mmoja akaangukia moto wa Wangare akapiga ukemi. Askari mmoja aliipiga teke sufuria, uji wote ukamwagika.

"Chuchumaeni! Mikono kichwani!"

Wakaleta mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, wakamketisha juu ya ukuta, chini ya bati, kivulini. Wakikuyu wote walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, mtu anarudi. Akiinamisha, mtu anapandishwa lori. Wasike alitazamwa kipande chake cha utambulisho, akaambiwa, "Wewe wa Kimilili, simama kando." Akasimama kando.

Ikafika zamu ya Wangare. Gunia likainama.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Wangare. "Nimemfanyia nini huyu?" Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni. Alipokokotwa mbele ya Wasike, akamtazama na damu kidevuni.

"Fundi," akasema, "kumbe ulitujengea zizi."

Wasike akavua kofia.

Msimamizi akaja akampiga begani. "Kazi nzuri. Tumehangaika mwaka mzima, nyumba hadi nyumba. Hapa wamejileta wenyewe." Kisha akamwagiza afunge seng'enge juu ya mawe, maana msako utafanyiwa hapo kila wiki.

Nyumbani, mkewe Nabalayo alikuwa ameketi kitandani, hajapika.

"Ukatae," alisema.

"Nikikataa, nyumba hii si yetu tena. Tutawapeleka wapi watoto wanne?"

"Wangare alikuwa na watoto wangapi?"

Jumatatu Wasike alibeba misumari na koleo, akafunga seng'enge mchana kutwa, huku wanawake wakichota maji nyuma ya mgongo wake, kimya. Mmoja alimtemea mate shingoni. Akayapangusa, akaendelea. Alifanya kazi hiyo vizuri, kama alivyofanya kazi zote. Seng'enge haikulegea popote.

Jioni alithubutu kwenda ofisini kuuliza Wangare alipelekwa wapi. Karani, Mluhya mwenzake, hakuinua macho. "Nenda nyumbani, fundi. Ukiuliza tena, nitaandika jina lako hapa chini ya lake."

Alienda nyumbani.

Mwaka uliofuata alifanywa nyapara. Msimamizi alikuwa amewasifia wasimamizi wenzake wa miji mingine ule ukuta, nao wakautaka. Wasike akapelekwa Gilgil, halafu Naivasha, akajenga mingine miwili, nusu mwezi vilevile, vichochoro vimezibwa, mabati juu. Watu wa huko, wasiojua lolote, walimshukuru. Mzee mmoja wa Gilgil alimletea ndizi mbili kwa kumpatia mahali pa kupumzishia miguu. Wasike alizipokea kwa mikono miwili, akala, akachanganya saruji.

Aliporudi Nakuru, Nabalayo alikuwa amewachukua watoto, amepanda gari la moshi kwenda kwao.