Inchi Tano za Kiuno

Wifi yangu ni fundi cherehani, na wateja humwita Bi Mkasi kwa sababu ulimi wake hukata kuliko chombo chenyewe. Ni dada wa mume wangu. Tumeshona pamoja miaka kumi na tisa katika chumba chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja hukipenda kuliko wanavyotupenda sisi. Yeye hukata, mimi humalizia: pindo, zipu, vifungo.

Nguo za wateja tunazipima kwa futi. Zetu tunazikata kwa mazoea, na ndani ya mshono wa kiuno tunaacha akiba ya kitambaa, vidole viwili kila upande. Mtu mwingine akiongezeka, sketi humwambia. Zipu hukataa, anabana pumzi, anaanza kujiuliza. Sisi hatujiulizi. Tunafumua, tunaachia kidogo, tunapiga pasi, maisha yanaendelea.

Sketi ya kwanza ya wifi niliifumua mimi. Alisimama kando ya meza amejifunga kipande cha bitana, nami nikamtania kwamba ndoa imemkubali uzeeni. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni naye akacheka bila kujua anacheka nini. Baada ya mwezi na nusu akafumua ya pili mwenyewe. Ya tatu aling'oa zipu, akatia lastiki, akasema umri wake umeshavuka enzi za zipu.

Wakati huohuo alikuwa akila vijiko vinne na kusema ameshiba. Chooni alikwenda kila baada ya nusu saa. Duka la dawa lilimuuzia dawa ya gesi, kisha ya minyoo, kisha ya gesi tena. Nilipogusia hospitali alinikatiza: mwaka uliopita alipimwa saratani ya mlango wa kizazi, akaambiwa yuko safi. Nikanyamaza. Linaniudhi hadi leo, kwamba nilinyamaza kwa heshima.

Kilichomfikisha hospitali ni mahafali ya binti yangu. Nilitaka kumshonea wifi gauni la siku hiyo, gauni la kweli la kukaa mwilini, nikamlazimisha asimame nimpime kama mteja. Kiuno inchi thelathini na saba. Zamani kilikuwa thelathini na mbili. Nikapima kifua, kimepungua inchi mbili. Nikapima mkono, nao umepungua. Nikarudia yote nikidhani futi imejikunja. Mwili ukinenepa hauchagui upande, hilo hata mwanafunzi wetu wa wiki mbili hulijua. Mwanamke huyu alikuwa anakonda huku tumbo likikua, mbele ya mafundi wawili, na wote wawili tulikuwa tunahangaika na mishono.

Nikamwambia, "Wifi, hiki si kitambi. Kesho hatufungui."

Akauliza wateja je. Nikamjibu wateja watavaa za zamani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Alimpiga picha ya ultrasaundi, akatoa damu, akauliza tumbo lilianza kujaa lini. Wagonjwa wengi, alisema, hujibu "siku nyingi." Bi Mkasi alihesabu sketi zake kwa vidole, akajibu miezi saba. Daktari akaandika bila kuinua macho.

Kisha akatueleza. Kile kipimo cha mwaka jana kinaangalia mlango wa kizazi tu. Vifuko vya mayai, yaani ovari, viko ndani zaidi, hakivifikii. Tena hakuna kipimo cha kuaminika cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili, kwa hiyo dalili zenyewe zisipuuzwe: tumbo kujaa, kushiba upesi, mkojo wa mara kwa mara, maumivu ya chini ya kitovu. Zikidumu wiki mbili tatu, mtu aende, wala asibabaike na dawa za gesi. Akauliza nani katika ukoo aliwahi kuugua saratani. Wifi akasema hakuna, mama yake alikufa kwa tumbo tu.

"Tumbo gani?" daktari akauliza.

Hatukujua. Nilipomuuliza mume wangu jioni, naye hakujua. Kwao mambo ya kina mama yalisemwa kwa minong'ono, na ugonjwa wa mama yao ulizikwa naye. Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Wiki iliyofuata walimpasua. Walitoa kizazi na vifuko vyote viwili, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya kifuko na kushika utando wa tumbo. Akapangiwa dripu sita za dawa ya saratani. Hadi leo amemaliza nne. Nywele zimekwisha, anakata nguo kwa nusu siku tu, na akichoka anawafokea wateja akiwa amelala kwenye benchi. Sijui itaishaje, na daktari hasemi. Naogopa, sitaficha.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilikaa kando ya kitanda chake wodini, nikamwomba radhi kwa ule utani wa sketi ya kwanza. Nililia pia, mbele ya wagonjwa watano.

"Ulicheka wewe, nikacheka na mimi," akasema. "Hilo limepita. Mama yangu alikufa kwa tumbo, mimi nipo hapa kwa tumbo. Binti yako ana damu yetu. Umemfikiria?"

Sikuwa nimemfikiria. Nilimfuata daktari kwenye korido, naye akasema ndiyo, msichana aje azungumze nao, yapo mambo ya kurithi wanayoweza kuyachunguza mapema, na kama yapo, kuna hatua za kuchukua.

Asubuhi yake nilimwamsha binti yangu, nikamwambia avae tunakwenda hospitali. Akakaa kitandani akijipapasa tumbo, tambarare kama meza ya kukatia.

"Lakini mama, mimi siumwi."

Nikamwambia ndiyo maana tunakwenda leo.