Siku Baba Aliposema Havuti

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa kwetu Mhezi havuti sigara. Kwa hiyo alivutia shambani, nyuma ya migomba, paketi nzima kwa siku, tangu kabla sijazaliwa. Akimaliza alitafuna jani la mpera, akanawa mikono, akarudi nyumbani akikohoa. Kijiji kizima kilijua. Hata mchungaji, nadhani, maana akipita shambani kwetu alianza kuimba tangu mbali ili ampe baba muda wa kuizima.

Mwaka juzi nilimshusha hospitali ya Same kupima presha. Siku hiyo kulikuwa na daktari mgeni aliyewaandikisha wavutaji wa miaka mingi, wapelekwe Moshi kupigwa picha ya mapafu kabla hawajaugua. Saratani ikionekana ingali ndogo, alisema, huenda ikaondolewa. Nilimshika baba mkono nikamwingiza. Nilifurahi, sitaficha.

Aliyeandika majina alikuwa nesi, mwanakwaya wa usharika wetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, unavuta sigara?"

"Mimi? Sijawahi."

Nesi alinitazama. Baba alikuwa ametoka kuvuta nyuma ya choo, na harufu ya jani la mpera ilijaa chumba kile. Neno langu moja lingetosha. Lakini kumsuta baba mbele ya mtoto wa watu, tena wa usharika, sikulelewa hivyo. Nikatazama viatu vyangu. Nesi akapiga mstari kwenye fomu, jina la baba likabaki nje ya orodha. Tulikuwa na adabu sana, sote watatu.

Njiani nilinuna. Baba akaninunulia hindi la kuchoma, nikala, hasira zikaisha. Ndivyo nilivyo, na ninajichukia kwa hilo.

Mwaka huu alianza kukohoa damu. Huko Moshi walimpiga picha ile ile, daktari akanionyesha uvimbe uliokwisha kusambaa mapafu yote mawili. Hakuna cha kukata tena, alisema. Kisha akachukua kalamu.

"Mzee alikuwa anavuta?"

Baba alikuwa kitandani, pumzi fupi, macho yake kwangu.

"Ndiyo," nikasema. "Paketi kwa siku, miaka yote."

Daktari akaandika. Baba akageukia ukutani.

"Umeniaibisha, mwanangu."

Laiti ningemwaibisha kule Same.