Musambi Niliyembeba Mgongoni

Ulikuwa mwaka tuliokula biskuti za msaada wa wakimbizi. Ngumu kama mawe ya volkano! Tulizitwanga, tukazipika uji, na watoto wakafunga choo siku tatu. Ndiyo sababu niliondoka Goma: dada yangu wa Rutshuru alikuwa bado na maharagwe shambani.

Saa moja asubuhi nilipanda kamiyo, lori la mizigo, pale Munigi, nikakaa juu ya magunia na watu na mbuzi wao.

Tulipopita Kibumba, kamiyo ikagonga musambi, yule korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu. Shofere aliyeendesha akasimama, si kwa huruma, alitaka nyama. Ndege alikuwa hai, mguu umevunjika, ananitazama kwa jicho jeupe. Sasa, ukoo wa baba yangu hauli musambi. Akiumia yeye, ndugu yako ameumia. Nikashuka na mifupa yangu ya uzee, nikamkumbatia.

"Mama, leta huyo tugawane," akasema shofere.

"Huyu haliwi, hata mukinikula mimi."

"Wewe? Nyama yako itashinda biskuti kwa ugumu!"

Kamiyo nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, lakini sikumwachilia.

Nilijua walinzi wa parke, mbuga ya wanyama, wako Rumangabo, njiani kwetu. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mutoto, nikapanda tena. Mbele, Rugari, kulikuwa na bariere, kizuizi cha barabarani, na askari wa pale walinyang'anya hata kuku wa mujane. Basi nikamfunika kichwa, nikamfunga mdomo kwa kitambaa, nikakaza asilie.

"Mutoto wa nani, mama?"

"Mujukuu. Anahara tangu jana."

Askari aliruka nyuma, akiogopa kipindupindu! Tukapita. Nilijisifu njia nzima: mimi nisiyejua kusoma nimedanganya bunduki. Kitenge sikukifungua hata mara moja.

Saa tano, Rumangabo. Nilishuka, kamiyo ikaenda zake, na safari yangu ya maharagwe ikaenda nayo. Mulinzi mmoja muzee alifungua kitenge polepole.

"Mama, mguu haukumuua. Alikosa hewa. Ungemweka kwenye kikapu, kichwa wazi."

Akaandika katika daftari: musambi mmoja, barabara ya Kibumba. Nikamwambia aandike pia kwamba ni mimi niliyemuua. Akafunga daftari, akanipa jembe nimzike.

Jioni nilirudi Goma, kitenge kitupu begani. Wajukuu zangu nimewafundisha: mnyama aliyegongwa usimfiche wala usimbane. Mpe hewa, na umwambie mulinzi mahali ulipomkuta. Hilo wanalishika. Lakini daima wananiuliza juu ya yule mama mukimbizi.

Maana kule Rumangabo, nilipokuwa nachimba kaburi la musambi, alikuja na watoto wawili, midomo yao imepasuka. Alimtazama musambi, mimi hakunitazama.

"Mama, amekwisha kufa. Hawa hawajakula tangu juzi."

Ningeweza kuweka jembe chini na kuondoka. Baba yangu alikuwa kaburini, asingeona. Lakini niliinua kichwa changu, binti wa ukoo, nikamwambia:

"Huyu haliwi, hata mukinikula mimi."