Moshi Niliompimia Baba

Kila kiangazi moshi wa misitu ya Kanada unapoingia mji wetu wa Fridley, majirani hufunga madirisha. Mimi hulifungua langu kidogo, ninuse kwanza. Msinicheke. Harufu ile, kama ya jiko la kuni lililomwagiwa maji, hunirudisha nikiwa na miaka tisa, nikimngoja baba.

Baba alikuwa mtafiti wa chembechembe zinazoelea hewani. Kiangazi chote alikaa kaskazini ya mbali, kule misitu inakoishia, na mtambo wa leza uliorusha mwanga angani kupima moshi ulivyotanda. Mimi aliniachia kifaa cha mkononi. Kila adhuhuri nilikielekeza juani, kikanipa tarakimu. Hewa ikichafuka, tarakimu hupanda. Jioni alinipigia simu nimsomee.

Wiki ya tano nikachoka kuwa na baba wa kwenye simu. Siku moja anga lilikuwa buluu tupu, na watoto walikuwa wakipiga kelele chini ya fleti yetu.

"Haya, daktari wangu, Fridley inasemaje leo?"

Nikamtajia tarakimu kubwa ajabu. Nilijua baba hufuata moshi, basi nikampa moshi.

Akaniuliza: "Na wewe, uko sawa?"

"Not really, Daddy," nikasema, na hapo sikudanganya.

Siku ya tatu gari lake likaingia, kioo cha mbele kimejaa wadudu. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu hospitalini, akatazama anga safi, kisha akanitazama mimi.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema.

Nikajificha nyuma ya baba. Yeye akakitikisa kile kifaa, akasema pengine betri zimeisha. Akakaa siku mbili, akatupikia chapati zilizoungua, akanisuka nywele vibaya mno nami nikakataa zisifumuliwe. Kisha akarudi kaskazini. Kwa miaka mingi nilijiona mjanja, ingawa moyo ulinisuta.

Mwaka jana, nikimsaidia kuhama, nilikuta daftari lake la kazi la kiangazi kile. Tarakimu yangu ilikuwapo, kwa tarehe ya simu ile, imekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni alikuwa ameandika kwa haraka: "Si moshi. Mtoto ananihitaji. Naenda."

Kumbe alijua kabla hajawasha gari, na bado akaendesha siku mbili nzima.