Mama Niliyefanya Naye Labo ya Kemia

Mwaka wa kwanza wa chuo, hapa Bunia, majina yalipobandikwa mlangoni mwa labo, yaani maabara, ya kemia, nilikuta nimewekwa meza moja na mama mwenye watoto wanne. Alikuwa mke wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo. Darasa zima lilimwita Mama, hata asistanti, kijana aliyetusimamia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Mahagi, sina mtu mjini, na moyoni nilinung'unika. Nilitaka mwenzi wa rika langu.

Asistanti alikuwa na sheria moja: asiyejua protokole, yaani hatua za kazi ya siku ile, haingii. Kwa hiyo Jumamosi moja Mama aliniita kwake tujitayarishe. Alinilisha wali na sombe ya majani ya mhogo, kisha akaleta bomba la sindano lisilo na ncha na glasi ya maji. Tukajizoeza kudondosha tone mojamoja, kama tutakavyofanya kwa bureti, mrija wa kioo wenye koki, huku akisoma hatua kutoka kwenye kaye, daftari lake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote darasani. Nilijua sekondari alisoma biokimia, nikamuuliza kama huko walifanya labo.

"Hapana, mutoto yangu," akasema. "Bureti niliionaka ku tablo tu. Mwalimu aliichora na chaki, siye tukaichora mu kaye. Kisha vita ikakuja, nikaolewa. Miaka makumi mbili niko nawaza ile chombo."

Siku yenyewe tulienda kwa pikipiki, bluzi zetu nyeupe, makoti ya labo, zimekunjwa ndani ya mifuko zisishike vumbi. Mlangoni asistanti alimuuliza hatua zote, naye akazitaja bila kufungua kaye. Ndani, bureti ilikuwa imeshafungwa kwenye chuma chake. Hakuigusa mara moja. Alisimama mbele yake tu. Kisha akaifungua kidogo, tone likaanguka kwenye chupa ya asidi chini yake, na jingine. Mara ya kwanza tulipitisha kipimo, rangi ikawa kali, tukaambiwa tuanze upya. Mara ya pili ikaja rangi ya rozi, waridi nyepesi sana, ikabaki kama ilivyotakiwa. Mama akafunika mdomo kwa mkono, akageukia dirishani. Nilimwacha.

Labo ya pili tulifanya pamoja. Ya tatu hakutokea. Nilienda kwake nikakuta kufuli. Jirani akaniambia mume amefungua duka Aru, wamehama wote. Nikapewa mwenzi mwingine, kijana mwepesi wa mikono, tukawa tunamaliza kazi kabla ya wengine. Hakuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyekuwa nikigeuza kichwa kila mlango ulipofunguliwa.

Wiki mbili baadaye Mama alipiga simu. Juu ya kuhama hakusema mengi. Aliuliza kesho tunafanya nini. Nikamsomea protokole, naye akinisimamisha kila mara ili aandike. Tangu siku ile alipiga kabla ya kila labo, mpaka ya mwisho.

Mwezi uliofuata akapiga tena, nikamwambia hakuna nyingine, kozi imekwisha. Nilisikia mtu dukani akiulizia sabuni.

"Kumbe inaishaka mbio," akasema.

Kisha mtandao ukakatika. Siku hizi namba yake haipatikani. Bado ninaijaribu.