Mgongo wa Qiu Lamei

Hapa Hengdian, mji wa kupigia filamu huku Uchina, makasri ni mengi kuliko wafalme, na wafalme ni wengi kuliko vyoo. Ukitoka asubuhi kununua mkate wa mboga kavu, utapanga foleni nyuma ya matowashi na malkia mwenye sandali za plastiki, na malkia ndiye atakayekupita mbele.

Katika umati huo Qiu Lamei alikuwa mama mkwe. Hakuwa mama mkwe wa mtu, ilikuwa kazi. Mungu alimpa midomo myembamba na macho ya kuhesabu vijiko baada ya wageni kuondoka, na juu ya hayo mkono wa kulia uliosifika mji mzima. Mkono huo ulikuwa ukizaba kofi lenye mlio wa ubao kupasuka, na aliyezabwa hahisi zaidi ya upepo. Tamthilia zetu hizi fupi za simu haziendi bila kofi. Mtazamaji akikaa kidogo bila kuona mtu amezabwa, anadhani mtandao umekatika.

Msimu ule soko lilikuwa la wanawake wanaopendana. Kabla yake lilikuwa la majenerali waliofufuka kulipiza kisasi. Sasa ikawa binti wa waziri na mpiga upanga wa kike, wanapendana, mmoja anakufa, watazamaji wanalia na kulipia sehemu inayofuata. Waandishi wetu, vijana ambao hawajapendwa hata na paka, walikuwa wakisaga mapenzi hayo kama soseji. Na kwa kuwa wakaguzi wa serikali wana macho, na mapenzi hayo hawayapitishi, kila tamthilia ilikuja na dawa yake: kwenye seti unasema "mpenzi wangu", halafu studio ya sauti inabandika "dada yangu". Midomo ikigoma kulingana na neno, wanaonyesha maua.

Lamei aliijua dawa hiyo kabla hawajaigundua. Yeye na Gan Shuilian walikutana kwenye kiwanda cha soksi wakiwa bado wasichana wa kucheka ovyo, wakahamia Hengdian pamoja, wakapanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Shuilian alikuwa akishona nywele za bandia, zile za kwenye paji, unywele mmoja mmoja kwenye wavu mwembamba, mpaka usijue ngozi imeishia wapi. Mama mwenye nyumba aliwaita "wale dada wawili" na kuwaonea huruma.

"Masikini, Mbingu imewanyima wanaume," alikuwa akisema.

"Na sisi tumeinyima Mbingu malalamiko," Shuilian alikuwa akimjibu, huku sindano iko mdomoni.

Kisha ini la Shuilian likaharibika. Mwanawe, Jianbo, aliyemzaa katika ndoa ya zamani iliyovunjika, akaja na gari la kukodi kumchukua, maana kwetu mtu hafii kwenye chumba cha kupanga. Jianbo si mtu mbaya. Alimshika Lamei mikono yote miwili.

"Shangazi Qiu, umemtunza mama kuliko ndugu. Sasa tuachie sisi."

Habari ilipofika kwamba Shuilian amefariki, Lamei alipanda basi hadi kijijini kwa kina Shuilian, mkoani Jiangxi. Mlangoni palikuwa na mwanamke anayegawa nguo za msiba: katani nyeupe kwa mwana, mkamwana na mjukuu, taulo na peremende kwa wageni.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" yule mwanamke akauliza, na kichochoro kizima kikageuka kusikiliza jibu.

Lamei, aliyewahi kuwatukana mabinti wa kifalme kumi asubuhi moja bila kumeza mate, alitazama chini.

"Rafiki. Wa kazini."

Akapewa taulo na peremende. Alikaa meza ya majirani, akala tofu ya msiba, akarudi na taulo likiwa bado na karatasi ya dukani. Ndani ya basi alijikuta ametafuna peremende yote bila kusikia utamu wake.

Hayo yote alimsimulia mtu mmoja tu, Mzee Geng, mtunza vifaa, mwenye ghala la panga za mpira na vichwa vya nta. "Sikumvalia katani," alimwambia. "Ni hilo tu, Geng. Sina ugomvi na mtoto, sitaki hata kijiko chake. Nataka kumpigia goti mara moja, nimevaa, kama anayempigia mkewe."

"Basi hamia Jiangxi ukavae," Geng akajibu, akainama kutafuta gundi ambayo hakuwa anaihitaji.

Nafasi ilikuja kwa mlango wa jikoni. Tulikuwa tunapiga picha ya mwisho wa ile ya binti wa waziri. Mpiga upanga wa kike amerudi kutoka vitani na kukuta mkewe keshazikwa. Anavaa katani, anapiga goti mbele ya kibao cha roho, ule ubao wenye jina la marehemu, anasema maneno yake. Steringi wetu Tong Yaqi, msichana mwenye wafuasi wengi na usingizi kidogo, akakataa katakata.

"Dairekta, mama yangu yuko hospitali, wanampasua kesho. Mimi nivae katani leo? Afadhali nivue hizi nywele nirudi kwetu nikauze mahindi."

Hakuna aliyembishia. Sisi ni watu wa kisasa, tunalipa kwa simu hata sadaka ya hekaluni, lakini katani hatuichezei. Dairekta Fan Zhekai akatazama jua, akatazama saa, akatazama kundi la waigizaji wa kujazia lililokuwa likitafuna karanga.

"Tutampiga picha kwa nyuma. Nani ana mgongo mzuri?"

"Mimi," akasema Lamei.

"Mama Qiu! Mgongo wako una umri wa kasri lenyewe."

"Kaburini watu huzeeka haraka. Nipe katani."

Watu wakacheka, akapewa. Akaenda moja kwa moja ghalani kwa Mzee Geng, aliyekuwa ameshika brashi, karibu kuandika jina la marehemu wa kwenye skripti.

"Andika Gan Shuilian," Lamei akasema.

"Una kichaa! Jina la maiti wa kweli kwenye kibao cha mchezo? Unataka taa zituangukie?"

"Andika, Geng."

"Dairekta atasoma."

"Dairekta hajasoma hata skripti."

Geng akaandika huku akilaani ukoo wake mwenyewe, ukoo wa Lamei na aliyevumbua wino. Alipomaliza alikifuta kibao vumbi kwa mkono wa shati lake safi.

Kamera ikawekwa nyuma. Lamei akatembea, bega la katani limeshuka kidogo, akapiga goti. Aliinama mpaka paji likagusa vigae, akakaa hapohapo. Fan alikuwa tayari amefungua mdomo kupiga kelele, ndipo sauti ikatoka, ndogo, isiyo ya mama mkwe hata kidogo.

"Mke wangu. Nimechelewa."

Hakuongeza neno. Kwenye skripti palikuwa na mengine, kuhusu mwezi na upanga. Hakuna aliyemkumbusha.

"Kata!" Fan akasema, akijipangusa pua. "Safi kabisa. Mama Qiu, ulikuwa umejificha wapi? Bahasha!"

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, mtu akiigiza maiti au akivaa katani ya uongo, akimaliza tu anapewa bahasha nyekundu. Pesa zake ni za kununua soda, lakini lazima azipokee pale pale na kuzitumia kabla jua halijazama, ili kifo kijue kwamba tulikuwa tunatania. Lamei akaitazama ile bahasha, akaweka mikono nyuma.

"Sitaki."

"Mama Qiu, pokea bwana, tuhamishe taa."

"Bahasha ni ya anayeigiza."

Mpiga picha akaondoa jicho kwenye kamera. Binti wa vipodozi akajishika shingo.

"Ni ndogo?" Fan akauliza. "Tutaongeza. Jamani, muongezeeni!"

"Hata ukijaza gunia, sitaki."

Akatoka na katani yake mwilini. Fan akamfuata na bahasha, meneja akamfuata Fan, na wabeba taa wakafuata nyuma wakimlilia: "Shangazi, tuna watoto! Pokea, tuna watoto!" Watalii waliokuwa uani wakapiga makofi na kurekodi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Alifika lango la kasri, akakuta limefungwa kwa ajili ya gwaride la mfalme wa kampuni nyingine. Akakaa kwenye kizingiti. Hakuwa na pa kwenda tena.

Aliyemfikia kwanza ni Yaqi. Akachuchumaa mbele yake na vazi lake la vita.

"Mama Qiu, alikuwa nani?"

Lamei alimtazama nywele za kwenye paji.

"Ni yule aliyekuwa akikushonea hizo."

Yaqi akajigusa paji la uso. Mkono ukabaki pale juu. Kisha akasimama, akamgeukia Fan aliyekuwa akihema kama ng'ombe wa kulima.

"Lete hapa. Mpiga upanga ni nani? Ni mimi. Msiba ni wangu, yeye kanikopesha mgongo tu. Bahasha ni yangu."

"Lakini ulisema mama yako..."

"Lete, nimesema."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kwenye kioski cha langoni na kuimalizia yote kwenye mbegu za alizeti, akatugawia. Tukatafuna, tukapumua, tukarudi kazini. Lamei hakula hata moja.

Jioni alimwomba Geng kile kibao. Geng akasugua kidevu. Kibao kizuri kilikuwa hicho kimoja tu, na asubuhi kilihitajika kwa kifo cha jenerali. Wakakaa wote wawili ghalani, Lamei akikishika, Geng akilikwangua jina taratibu. Unga wa mbao Lamei akaukusanya ndani ya lile taulo la Jiangxi.

Tamthilia ikatoka. Tuliitazama kwenye kibanda cha mkate, simu imeegemezwa kwenye chupa ya siki. Jina la kwenye kibao halikuwa la kwenye skripti, kwa hiyo wahariri walilitia ukungu. Kisha mgongo ukainama, na sauti ya msichana wa studio, laini kama shira, ikatoka humo: "Dada yangu. Nimechelewa." Hawakuhitaji hata kutafuta maua. Mgongo hauna midomo. Utauwekea neno lolote.

Mwenye kibanda alifuta machozi kwa aproni yenye mafuta. "Aisee, Mama Qiu! Unajua kuigiza wewe!"

"Asante," Lamei akasema.

Kesho yake alikuwa mama mkwe tena, hariri ya zambarau na pete za bati. Msichana mgeni, aliyefika Hengdian juzi, alipaswa kuzabwa. Mkono uliosifika mji mzima ukapaa, na mara hii haukusimama pale uliposimama siku zote. Msichana akaanguka, akashika shavu, akalia kweli. Lamei akabaki ameutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Umeteleza."

"Hiyo tunaibakiza!" Fan akapiga kelele kutoka nyuma ya kamera. "Maneno ya mwisho tutabandika mengine."