Mbegu ya Tulinagwe na Panya wa Darini

Mzee Isakwisa wa kijiji cha Suma alikuwa mtegaji wa fuko tangu ujana, na hakuna aliyemshinda kukunja ufito wa mwanzi juu ya shimo. Fuko ukimtobolea njia yake anakuja mwenyewe kuziba, ukamnasa. Panya wa nyumbani ndiye aliyemchanganya akili.

Panya hao walikuwa wanakula mbegu: mahindi mekundu ya kienyeji aliyoachiwa na marehemu mkewe, Tulinagwe, yaliyoning'inia darini mwa jiko, juu ya mafiga. Kijijini hapakuwa na mwingine mwenye mbegu ile. Watu siku hizi hununua za pakiti dukani kila mwaka, na hayo ndiyo wanayoyaita maendeleo. Zamani moshi ulipanda kutwa nzima, wanawake hawakosekani jikoni, panya akipita na roho mkononi. Sasa Anneth, mke wa mwanawe Lutengano, anapikia gesi. Dari imepoa, panya wamehamia.

Tena kulikuwa na suala la heshima. Mnyakyusa wa zamani hakuonana uso kwa uso na mke wa mwanawe, wala hakuingia jikoni mwake. Vijana wameitupa mila hiyo kama ganda la ndizi. Isakwisa hakuitupa. Alingoja Anneth aende sokoni, akaingia, akatega mtego wa chuma sakafuni kwa dagaa, akatoka. Kesho yake akaukuta juu ya mtungi wa gesi, dagaa mzima. Akaurudisha chini. Keshokutwa ulikuwa nyuma ya ndoo.

"Panya gani hawa wanabeba mtego?" alimuuliza jirani yake, Boniface.

"Labda wamesoma," Boniface akacheka. "Si umuulize mwenye jiko?"

"Mke wa mwanangu? Nimuulizeje, wewe?"

Mvua za kupandia zikakaribia, na kila siku magunzi matupu yalizidi sakafuni. Mwishowe mzee akasimama nje ya ukuta wa jiko, akamgeukia mbwa wake, Askari, aliyelala, akapaza sauti.

"Askari, nani anahamisha mtego wangu?"

Ndani Anneth akacheka, akamjibu kupitia mbwa huyohuyo; mkwewe alimwita tata, yaani baba.

"Askari, mwambie tata ni mimi. Mtoto anatambaa huku, atakatwa vidole."

"Mwambie panya hawaugusi hata nikiurudisha!"

"Wataugusaje? Panya akikuta kitu kimehama anakizunguka. Nawaona wanavyopita, masharubu yanagusa ukuta. Tuuweke darini, mtoto hafiki. Tusiutege kwanza. Waache wale, wauzoee."

Kuwalisha wezi! Isakwisa hakuelewa, ila alikubali. Dagaa akaliwa, akawekwa mwingine, naye akaliwa. Alasiri moja Anneth akautega. Mlio uliposikika, mzee alijisahau, akaingia mbio.

Anneth alikuwa juu ya stuli, kamshika panya mkia. Tumbo la panya limejaa.

"Alikuwa na mimba, tata. Wangejaa humu."

Macho yao yakakutana. Isakwisa hakujua atazame chini, au panya, au mbegu. Anneth akayafungua mahindi yaliyobaki, akamnyooshea, naye akayapokea mkono kwa mkono, jambo ambalo baba yake asingelifanya hata nyumba ikiungua. Yalitosha kipande cha shamba nyuma ya nyumba.

Alitoka nayo kifuani. Askari akaamka, akamfuata akitikisa mkia, lakini safari hii mzee hakuwa na ujumbe wa kumtuma kwa Anneth.